Nyimbo Alizoziacha Lemuel Hatch

Kaleli aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya geti pale Ruiru, hakuanza na salamu. Alitoa simu mfukoni, akamwekea Absalom mbele ya pua.

"Baba Maxine, soma hiyo."

Absalom aliisogeza mbali hadi maandishi yakatulia. Ilikuwa picha ya santuri waliyoijua wote wawili: Lemuel Hatch, mwimbaji wa muziki wa soul wa Marekani, amevaa shati la kola pana, ameegemea mlango wa kanisa la mbao. Lakini safari hii pembeni mwa picha palikuwa na utepe mwekundu. Utepe ulisema kwamba toleo jipya lina santuri tatu badala ya moja, kijitabu cha kurasa arobaini, na nyimbo kumi na mbili ambazo hazijawahi kutolewa.

"Mwelu ameiona kwa muuzaji mmoja Nairobi," Kaleli alisema. Mwelu alikuwa binti yake. "Amemwomba amwekee. Kumi na mbili, bwana! Miaka hamsini tumesikiliza nyimbo tisa. Nataka huyu mtu aniambie kitu kingine kabla sijafa."

Absalom alimrudishia simu.

"Hatununui," akasema.

Kaleli alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaona si mzaha.

Ilikuwa lazima wakubaliane. Santuri ile ya kwanza waliinunua pamoja mwaka wa sabini na tano, wakiwa wafumaji vijana katika kiwanda cha nguo mjini Thika, wakiishi chumba kimoja Kiandutu. Hakuna aliyeweza kuinunua peke yake, kwa hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Walipooa na kila mmoja kwenda kwake, Kaleli shambani Gatuanyaga na Absalom Ruiru, hawakuigawa wala kuiuza. Ilikaa mwezi kwa huyu, mwezi kwa yule, imefungwa kwa kipande cha kitambaa cha marekani kilichofumwa na mikono yao wenyewe. Jumamosi ya kwanza ya mwezi aliyekuwa nayo aliipeleka kwa mwenzake, na kabla ya kupokelewa ilipigwa yote, upande huu na huu, ili ithibitike kwamba haikuongezeka mkwaruzo. Mkwaruzo ulikuwa mmoja tu, kwenye wimbo wa tatu. Aliuweka Mwelu kwa kijiko, alipokuwa na miaka miwili. Kaleli aliomba msamaha kwa mdomo siku hiyo, halafu akaja tena wiki iliyofuata na jogoo.

Basi hata hili toleo jipya, Kaleli hangelinunua bila Absalom.

"Sababu ni nini?" aliuliza walipokwisha kuketi.

"Sababu ni kwamba hizo ni makombo," Absalom alisema. "Lemuel Hatch alikuwa na akili. Aliimba nyimbo ishirini na moja, akachagua tisa. Zile kumi na mbili alizitupa yeye mwenyewe. Sasa amekufa, watu wamekwenda kufukua jalalani, wametia utepe mwekundu."

"Labda hakuzitupa. Labda hazikutosha kwenye santuri."

"Fundi akikushonea suti, utamwomba na vile vipande vilivyobaki sakafuni?"

"Nikiwa nampenda fundi, ndiyo."

Absalom aliinuka akaweka sindano kwenye santuri aliyoileta Kaleli, na wakasikiliza nyimbo zao tisa kama kawaida.

Yaani, Kaleli alisikiliza. Absalom alikuwa kiziwi.

Haikumjia siku moja. Mashine mia mbili za kufuma zilipiga kelele kwa pamoja, saa nane kila shifti, na hakuna aliyewapa kitu cha kuziba masikio. Ndani ya kelele ile wafumaji walijifunza kuzungumza kwa midomo tu, bila sauti, kutoka mashine hadi mashine. Wangeweza kuulizana habari za harusi na kutaniana juu ya msimamizi akiwa amesimama katikati yao bila kujua. Miaka ilipokwenda, masikio ya Absalom yalizidi kuzama, lakini macho yake hayakusahau kazi. Kanisani aliketi mbele, akamtazama mchungaji mdomoni. Mchungaji akigeuka, Absalom alifungua Biblia. Nyumbani bintiye Maxine alidhani baba amekuwa mkaidi kwa sababu ya uzee.

Na Lemuel Hatch? Huyo alimsikia. Hakumsikia kwa masikio. Lakini mara tu alipoona santuri inazunguka, nyimbo zilianza kichwani mwake zenyewe, kwa mpangilio wake, hata ile pumzi aliyovuta Lemuel kabla ya ubeti wa mwisho. Wakati mwingine alifumba macho akajiona tena kwenye kantini ya kiwanda Jumapili jioni, viatu vimepigwa rangi, wasichana wa idara ya nyuzi wamejipanga ukutani, na Kaleli, aliyekuwa mwembamba kama ufito, akicheza kana kwamba hana mfupa hata mmoja. Vyote vilikuwa mle. Lakini wimbo ambao hakuwahi kuusikia hangeweza kuukumbuka.

Angeweza kumwambia rafiki yake. Hilo ndilo alilojiambia kila usiku. Ila miaka miwili iliyopita, baada ya kumzika mkewe Wayua, Kaleli alimwambia, "Kama si hizi Jumamosi zetu, ningelala tu nitazame mabati." Absalom aliliweka neno lile moyoni. Nani atasafiri kutoka Gatuanyaga hadi Ruiru kumpigia kiziwi santuri? Angekuja mara moja kwa huruma, mara ya pili kwa adabu, halafu ingekuwa salamu za simu. Na simu ndiyo hiyo Absalom hakuiweza tena. Maxine ndiye aliyeipokea, naye akidhani baba hapendi tu.

Kwa hiyo alibishana. Mwezi uliofuata alisema nyongeza hizi ni biashara ya watu wanaouza kitu kimoja mara mbili. Alisema santuri ni kama ibada, ina mwanzo na mwisho, na ukiongeza mahubiri kumi na mawili baada ya baraka watu watakwenda nyumbani wamechoka na kusahau hata yale mazuri. Yote yalikuwa maneno yenye akili, na huenda mengine yalikuwa kweli. Lakini usiku alipopiga magoti kando ya kitanda, maneno hayo hayakumsaidia. "Bwana," alianza, "wewe unajua sababu yangu." Akabaki hapo. Alikuwa mtu wa kuomba tangu ujana, asubuhi na jioni, na hakuwahi kukosa namna ya kumaliza sala. Sasa alishindwa kusema amina, maana alijua amina ile ingekuwa ya kuuthibitisha uongo.

Mwezi wa tatu Kaleli alikuja Ruiru hana picha wala hoja. Aliiweka santuri juu ya meza na hakuifungua.

"Baba Maxine, niambie tu. Umechoka na mimi?"

"Umesema?"

"Nimeuliza kama umechoka na mimi. Mtu akikataa kitu kidogo namna hii miezi mitatu, hakatai hicho kitu. Kama hizi Jumamosi zimekuwa mzigo, sema. Mimi si mtoto."

Absalom alimtazama yule mzee, kofia magotini, vumbi la Gatuanyaga bado kwenye viatu vyake vya kutokea. Akaona uongo wake umefanya kazi ile ile aliyokuwa anaogopa ukweli utaifanya.

"Tununue," akasema.

Kaleli alitabasamu hadi pengo la nyuma likaonekana. Absalom angeweza kumwambia palepale. Badala yake ujanja mwingine ulimjia. Aliomba kwamba Mwelu akitoka Nairobi na ule mzigo, apitie Ruiru amwachie kile kijitabu kwanza. Alisema anataka kusoma historia ya nyimbo.

Historia aliiruka. Nyuma ya kijitabu kulikuwa na maneno ya nyimbo zote, nayo ndiyo aliyoyataka. Kwa wiki mbili aliyakariri, ubeti kwa ubeti, kijitabu kimefichwa ndani ya Biblia ili Maxine asimwulize maswali.

"Daddy, siku hizi unasoma Biblia ukitikisa kichwa," Maxine alimwambia asubuhi moja akivaa viatu kuwahi treni. "Ni kitabu gani hicho kitamu hivyo?"

"Zaburi," Absalom alisema, na uso ukamwaka moto.

Jumamosi ikafika. Gatuanyaga kulikuwa kukavu, mbuzi wamelala chini ya mkokoteni. Kaleli alikuwa amevaa koti. Alikuwa amepanga vikombe na chupa ya chai, na kinanda cha santuri amekiunganisha na betri ya sola. Zile santuri tatu zilikuwa bado na karatasi zake. Alikataa kuzifungua hadi mwenzake afike.

"Usiseme kitu," alimwambia Absalom. "Hebu tumsikilize kwanza mzee wetu."

Wimbo wa kwanza wa zile kumi na mbili Absalom aliupita salama. Alitazama mguu wa Kaleli, wa kwake ukaufuata. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa ule ule wenye mkwaruzo kwenye santuri yao ya zamani, lakini kijitabu kilieleza kwamba hapa umeimbwa mara ya kwanza kabisa, ukiwa na ubeti ambao baadaye uliondolewa. Ubeti huo aliujua vizuri kuliko beti zote. Akaona hii ndiyo nafasi ya kumfurahisha rafiki yake. Alifumba macho, akaegemea kiti, akaanza kuyafuata maneno kwa midomo, polepole, kichwa kikienda upande huu na huu, mkono mmoja kifuani. Alimaliza ubeti. Akarudia kiitikio. Alihisi kwamba anakifanya vizuri sana.

Alipofumbua macho, Kaleli alikuwa amesimama kando ya kinanda. Mkono wa kinanda alikuwa ameuinua, sindano iko hewani. Santuri ilikuwa imesimama.

Walitazamana.

"Lemuel alikuwa ameacha kuimba zamani," Kaleli alisema, na Absalom aliona kila neno likitoka. "Alisahau maneno baada ya mstari wa pili. Wakaanza kucheka wote huko studio. Nimekuita mara tatu."

Absalom alishusha mkono kutoka kifuani.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya korona."

"Na santuri yetu?"

"Ile naisikia. Inapiga humu," Absalom alisema akigusa paji la uso. "Hizi siwezi. Sikuwahi kuwa nazo."

Kaleli aliweka mkono wa kinanda mahali pake, akatoka nje. Kupitia mlangoni Absalom alimwona anatembea hadi kwenye uzio, anarekebisha nguzo ambayo haikuwa imelegea, anasimama amempa mgongo. Mgongo hausomeki. Absalom aliinamisha kichwa. Hakuomba masikio, alikuwa ameyaomba miaka mingi na alikuwa amekubali jibu. Alisema, "Bwana, nimemdanganya huyu mtu, na nilikuwa nakudanganya wewe pia. Nisamehe. Asiondoke." Na akasema amina.

Kaleli aliporudi macho yalikuwa mekundu, na alikuwa na hasira.

"Miezi mitatu! Miezi mitatu nalala nikijiuliza nimekukosea nini. Mtu mzima na mvi zake, amekaa amefumba macho kama malaika, anaimba na kinanda kilichozimwa!"

"Ni kweli."

"Na kumwita Lemuel mtu wa makombo!"

"Ni kweli, Baba Mwelu. Nisamehe."

"Ulikuwa unafanya hivi na kifua." Kaleli aliweka mkono kifuani, akatikisa kichwa upande huu na huu kwa uchungu mwingi, midomo imebetuka. Akajaribu kubaki na hasira. Haikuwezekana. Mabega yalianza kutikisika, kisha tumbo, na Absalom alipoona vile naye akaangua kicheko hadi akashika meza.

Walipotulia, Kaleli alimimina chai. Alivuta kiti chake kutoka ubavuni mwa Absalom, mahali alipokuwa akiketi miaka yote, akakiweka mbele yake, magoti kwa magoti. Akageuza santuri.

Ziliwachukua hadi jua likateremka, maana baada ya kila wimbo Kaleli alisimamisha kinanda akaeleza. Huu ngoma imeingia mapema. Huu kuna mwanamke anaitikia nyuma, sauti nzito, hayumo kwenye ile yetu, sijui walimtoa kwa nini, mimi ningemwacha. Huu ni mbaya, Baba Maxine, ulisema kweli, huu hata mimi ningeutupa. Kati ya kumi na mbili alipata nne za kutunza. Nane zilikuwa makombo.

"Kwa hiyo tumenunua vibaya," Absalom alisema.

"Nne ni nyingi. Wewe unadhani Bwana atatupatia nyingine nne?"

Alipiga wa mwisho. Ulikuwa mfupi. Kaleli aliusikiliza ameinamisha kichwa, kidevu kwenye kola ya koti, na ulipokwisha alisema jambo bila kuinua uso.

Absalom aliona tu kola ikitikisika. Kwa miaka mitano, mahali kama hapa, alikuwa akiitikia kwa kichwa na kusema ndiyo, ndiyo.

"Sikusikia," alisema. "Rudia."

Kaleli aliinua uso, akarudia.