Safu Tatu za Mbele

Mwaka ule serikali ilitangaza kwamba tumeshiba, na sisi wenyewe tukawa wa mwisho kupata habari hizo.

Nianzie mbali kidogo, maana wajukuu wangu wakisikia kisa hiki wanadhani nawatania. Kwanza ilikuwa pamba. Amri ikaja: ng'oeni mahindi, taifa linataka pamba. Tukang'oa. Pamba ilipochanua, nyeupe pee kama shuka zimeanikwa, ikaja amri nyingine: pamba haina soko, pandeni alizeti. Tukapanda. Alizeti nayo haijakauka vizuri, tukaambiwa Chakula Kwanza: kila kaya irudi kwenye mahindi, mbegu fupi, kwa mstari, na mavuno yote yaingie ghala la kijiji yasije yakapotea. Kila Jumamosi kila kaya ingechota debe lake. Bwana shamba wetu alipewa kofia ya pamba, kisha ya alizeti, kisha ya mahindi. Kichwa kilikuwa kile kile.

Huyo bwana shamba alikuwa na namna yake ya kupima mavuno. Hakushuka kwenye pikipiki. Alipita barabarani polepole, akatazama mistari mitano ya kwanza, akaandika. Sasa na sisi tulikuwa na macho. Samadi yote tukaimwaga kwenye mistari mitano ya kwanza. Mahindi ya barabarani yakawa na mabega kama askari wa gwaride. Ya nyuma yake, kuku akipita unamwona mgongo.

Akazidisha mistari mitano kwa shamba zima, na shamba moja kwa kijiji kizima, akapata magunia elfu moja. Tulipovuna tukapata mia mbili. Lakini karatasi ilikuwa imeshapanda ofisini, huko juu, na hakuna aliyejitolea kwenda kuiteremsha.

Mimi wakati huo nilikuwa mfagiaji wa ghala na mshonaji wa magunia. Nilikuwa mjane mwenye watoto wanne, na mahindi yao ya mwaka mzima yalikuwa humo ndani pamoja na ya wenzangu. Ghala lenyewe lilikuwa jengo refu la mabati, lenye mlango mkubwa wa mbele unaotazama barabara na mlango wa nyuma unaotazama kinu cha kusaga. Kazi yangu ilikuwa fagio, shazia la kushonea magunia, na uzi wa buluu uliobaki tangu enzi za pamba. Mtunza ghala alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Tulimwita Mizani, kwa sababu ndiye aliyetunza mizani ya kijiji. Ilikuwa imekufa tangu mwaka wa pamba, naye aliifuta vumbi kila asubuhi.

Siku moja akanijia na barua.

"Shemeji, Waziri anakuja Alhamisi."

"Karibu yake. Nitafagia."

"Anakuja kuona magunia elfu moja."

"Basi aje na miwani mikali."

"Leo usinitanie, tafadhali."

"Nisipokutania wewe nimtanie nani? Mwambie ukweli. Yako mia mbili."

"Nikisema mia mbili, wataniuliza mia nane yako wapi. Nitajibu nini, kwamba hayajazaliwa? Watasema nimeiba. Mimi nitafungwa, shemeji, na bwana shamba atapewa kofia nyingine."

Hapo alinishinda. Ghala lilikuwa na magunia matupu mia nane, yaliyoletwa mapema kwa mujibu wa karatasi. Kinu kilikuwa na mlima wa pumba. Siku nne wanawake wa kijiji walijaza pumba na mabua yaliyopondwa, mimi nikashona, uzi wa buluu, mafundo mawili kila pembe, hadi vidole vikaota sugu.

Kupanga ndiko kulikokuwa na elimu. Mkaguzi huja na bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati. Ukichoma gunia, nafaka inateremka kiganjani. Nilikuwa nimefagia miguuni mwa wakaguzi miaka tisa, na sikuwahi kumwona aliyeinama wala aliyepanda juu. Wote huchoma gunia la mbele, usawa wa kifua, mahali ambapo suti haikunjiki. Kwa hiyo mahindi ya kweli tukayapanga safu tatu za mbele, kutoka sakafuni hadi paani. Nyuma yake, pumba.

Alhamisi Waziri akaja. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, hana ubaya wowote usoni. Mkaguzi akachoma bambo usawa wa kifua, mahindi yakamiminika. Waziri akatafuna punje moja, akafumba macho kama anaonja asali. Tukapiga makofi.

"Ndugu wananchi," akasema, "mmezalisha kuliko mahitaji yenu! Wataalamu wamepiga hesabu. Mia mbili yanawatosha. Mia nane ni ziada. Jumatatu malori yatakuja kuichukua ziada yenu, iende ghala kuu la taifa."

Tukapiga makofi tena. Ndivyo tulivyozoea, hotuba ikifika mahali pa kupumua, tunapiga. Kisha mikono yangu ikasimama hewani. Malori siku zote yalipakia kwa mlango wa mbele. Wangeanza na safu za mbele. Jumatatu jioni tungebaki na magunia mia mbili ya pumba, na Jumamosi watoto wangu wangenishikia debe wakisubiri.

Nikamwangalia shemeji. Amepauka.

"Sema kitu," nikamnong'oneza.

"Niseme 'Mheshimiwa, chukua uongo, tuachie ukweli'?"

"Hivyo hivyo, ila kwa adabu."

"Sema wewe. Wewe watakunyang'anya fagio tu."

Waziri alikuwa ametuona. "Kuna mwenye neno? Wewe mama mwenye fagio, unanong'ona nini?"

Watu wakageuka wote. Neno la maana sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni kile ninachowafanyia watoto wangu wanaposubiri chungu kichemke.

"Mheshimiwa, neno sina. Nina kitendawili."

Kicheko kikaangusha vumbi la dari. Bwana shamba akashusha kofia hadi kwenye pua. Lakini Waziri akakunja mikono ya shati. "Tega! Shuleni nilikuwa bingwa, waulizeni walionifundisha."

"Nyumba yangu imejaa hadi paani. Nikitia mkono, nautoa mtupu."

Shemeji akafumba macho.

"Benki!" Waziri akasema.

"Bado, Mheshimiwa."

"Kichwa cha mwanafunzi mvivu!"

"Umekaribia, lakini bado."

"Bunge!"

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza wakamtazama kwanza katibu wake. Katibu akatabasamu, wakacheka upya.

"Haya mama, nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Hilo hata mtoto anayeng'oka meno analijua: aliyeshindwa hutoa mji, ndipo apewe jibu. Na mwanasiasa mbele ya umati hawezi kuonekana mnyimivu wa mji.

"Chukua mji mkuu wote!"

"Aka, mji mkuu nitaufagia na nani? Nipe kamji kadogo, Mheshimiwa. Nipe hizi safu tatu za mbele. Mmesema mia mbili yanabaki kwetu. Basi yabaki haya haya, yasisogezwe. Nimeyapanga kwa mikono yangu na fagio langu limeshazijua njia zake. Malori yapakie kwa mlango wa nyuma."

Katibu akamsogelea sikioni. Waziri akamsukuma kwa kiwiko. "Mama kashinda, apewe mji wake! Andika: safu tatu za mbele, asiguse mtu. Piga muhuri." Muhuri ukapigwa juu ya ile mizani iliyokufa. "Haya, jibu?"

"Moshi, Mheshimiwa."

"Moshi! Lo, moshi!" Akaondoka akijigonga paji la uso, na hadi anaingia kwenye gari bado anasema moshi.

Jumatatu malori yakaja mlango wa nyuma. Wapakiaji wakainua gunia la kwanza, nusura wajirushe nalo.

"Mama, mahindi gani haya? Mepesi kama mito ya kulalia!"

"Mbegu mpya. Yamekaushwa kitaalamu."

"Basi yakaushwe hivi kila mwaka!"

Kwao ilikuwa neema, mgongo haukuuma. Shemeji akahesabu mia nane kutoka, dereva akahesabu mia nane kuingia, na kwa kuwa mizani ilikuwa imekufa, hesabu ikaishia hapo. Mwaka ule tulikula. Mwishoni debe likawa nusu, lakini mavuno mapya yalilikuta halijakauka. Redio ikatupongeza. Shemeji akapewa cheti, akakitundika juu ya mizani. Bwana shamba akapandishwa cheo, akaenda kuwafundisha wenzake kupima.

Sisi nasi tulijifunza. Tangu msimu uliofuata, samadi tuliipeleka mwisho wa shamba, na mistari ya barabarani tukaiacha ijitegemee. Karatasi ikasema tumevuna kidogo, ghala likapokea hicho kidogo, na kilichozidi kikapanda kwenye vichanja juu ya majiko yetu.

Kisha likaja jua. Misimu miwili mvua iliandika barua tu, haikufika. Tukaomba msaada. Kwanza tukajibiwa kwamba sisi ni kijiji cha ziada, cheti tunacho. Tukaomba tena. Vichanja vilikuwa vimeshaanza kuonyesha mbao siku malori yalipoingia uwanjani. Watu wakaimba. Shemeji akaja mbio, mzee mzima, akashika bega langu.

"Shemeji, chakula kimefika!"

Mimi nilikuwa nimeshauona uzi. Buluu. Mafundo mawili kila pembe.

"Hakijafika," nikamwambia. "Kimerudi."

Juu ya kila gunia kulikuwa na mihuri, mmoja umepanda juu ya mwenzake, ya maghala saba. Kote yalikopita yalihesabiwa, yakapangwa, yakapigiwa makofi, yakapelekwa mbele. Mshono wangu hakuna aliyeugusa. Nikachukua bambo, nikapiga magoti, nikachoma gunia la chini kabisa. Pumba zikamwagika juu ya viatu vya dereva.

Akazitazama. "Mimi nimekabidhiwa magunia, mama. Kilichomo sikukabidhiwa. Niwekeeni sahihi, nina safari. Kijiji cha mbele nacho kina ziada ya kuchukua."

Shemeji akageuka kwangu, kalamu mkononi. "Niandike nini?"

Nikafikiria vichanja vyetu. Tukipunguza chungu, vingetufikisha kwenye mvua, ikiwa itakuja. Na kuku wangeshukuru kwa pumba. Lakini kulikuwa na hicho kijiji cha mbele, kilichotangaziwa ziada kama sisi.

"Andika umepokea pumba," nikasema. "Piga muhuri. Halafu mwombe dereva nafasi kwenye lori, twende wote. Mimi nitabeba bambo. Nataka kuwaonyesha wa huko pa kuchoma."

Dereva akacheka. Kisha akaona nimeshapanda.