Jumatano ya Mwaka Jana

"Mama Getruda, hivi na mvua nayo umeiandikia siku ya kuja?"

Jirani yangu Bi Batuli aliniuliza hivyo katikati ya Novemba, mwaka wa thelathini na saba, aliponikuta nimesimama mbele ya ukuta na kipande cha penseli. Ukutani palikuwa na kalenda ya misheni. Juu yake picha ya Bikira Maria, joho la buluu. Chini miezi na tarehe, sikukuu zimepigwa wino mwekundu.

"Mvua ni ya Mungu," nikamjibu. "Lakini mtama wa pombe ya kulimia Mungu haji kuniloweshea. Huo ni wangu, nao una siku zake."

"Haya, karani," akasema, akaazima ungo, akaenda zake anacheka.

Nilikuwa na sababu ya kushika penseli. Siku mbili kabla, mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji anayegawa mashamba kwa niaba ya mtemi, alinipitia nyumbani.

"Msimu uliopita nilikuvumilia kwa ajili ya msiba," aliniambia. "Msimu huu siwezi. Ardhi ni ya anayelima. Ijumaa ya kwanza baada ya Idi nina baraza. Shamba la marehemu likiwa bado pori, nampa Mahona."

Mahona ni mdogo wa marehemu mume wangu Raymundi. Tulipomaliza matanga alitaka kunirithi niwe mke wake wa tatu. Nikamwambia mimi nimefunga ndoa altareni, sirithiwi kama mbuzi. Tangu hapo akawa analitaka shamba. Bila shamba lile, mimi na wanangu wawili tungekula nini? Nyuma ya nyumba nina vijituta vya viazi tu.

Nalo shamba lenyewe si la mchezo. Liko upande wa Kwihara, na njia ya zamani ya misafara imelikata katikati. Babu zetu walipita hapo miaka na miaka na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, na kurudi na nguo na shanga. Miguu ile imeushindilia udongo ukawa kama sakafu. Raymundi alikuwa akiuzunguka mstari ule. Mwanangwa akasema safari hii anataka kuona shamba zima, na mstari umo. Jembe la mwanamke mmoja lingemaliza mwaka hapo.

Basi nilihitaji chama cha Kashindye, walimaji wa kulipwa pombe au chakula: vijana thelathini, ngoma moja, na Kashindye mwenyewe akiimba mbele. Kashindye hajui kusoma. Siku za watu huziweka kwenye kamba, kila nyumba fundo lake, na kila asubuhi hufungua moja. Siku alizobakiwa nazo kabla vijana hawajaitwa kutengeneza barabara zilikuwa mbili: Jumatano na Alhamisi za wiki ya baraza. Bi Batuli naye alikuwa anaomba siku. Nilitazama kalenda, nikaona Jumanne ya wiki ile ina wino mwekundu, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, somo wa kigango chetu, yaani kanisa letu dogo lenye jina lake. Nikasema, vema, Jumanne nitasali, Jumatano nitalima. Batuli akachukua Alhamisi.

Watu wetu wengi huanza kuhesabu mwanzo: mvua ikinyesha ndipo wanatafuta mtama, mtama ukiota ndipo wanatafuta kuni, na pombe ikiiva walimaji wameshakwenda kwa mwingine. Mimi nilianza mwisho. Nilichora jembe kwenye Jumatano, kisha nikarudi kinyumenyume. Jumanne jioni kuchanganya kimea, Jumatatu kupika uji wa kwanza. Jumapili hakuna kitu. Jumamosi kusaga. Siku mbili za kuanika juu ya moto, maana mawingu hayaaminiki. Siku tatu za kuotesha chini ya majani ya mgomba, na mbele yake kuloweka. Hata vijifereji vya kukingia maji juu ya ule mstari mgumu, ili kila mvua itakayonyesha ikae hapo ilainishe, niliviandikia wiki mbili kabla. Kila asubuhi, baada ya Baba Yetu, nilitazama ukutani kabla ya kutazama nje. Kazi ikiisha naikata mstari. Siku ambazo mwili ulikataa, mchoro ulinitazama mpaka nikainuka.

Mambo yalikwenda. Mtama uliota sawasawa, meno meupe urefu wa ukucha. Ukakauka. Jumamosi nikasaga mpaka viganja vikawaka.

Jumapili asubuhi tukasali kigangoni, mwalimu Wenceslaus, katekista wetu, akiongoza. Mwisho akatoa matangazo.

"Jumatano hii, tarehe nane, ni sikukuu ya somo wetu. Padri atatoka Tabora kuja kutusomea misa. Mtu wa kigango hiki asishike jembe siku hiyo."

Nilimngoja mlangoni. "Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele amina, mama."

"Umekosea kidogo. Tarehe nane ni Jumanne."

"Nani kasema?"

"Kalenda ya padri mwenyewe. Iko nyumbani kwangu."

Alikuwa mtu wa kupenda ubishi, akanifuata mpaka nyumbani. Alisimama mbele ya picha, akajikunja, akalisogeza kwa kidole tawi la mtende la Jumapili ya Matawi nililolichomeka kwenye kona. Nyuma ya tawi palikuwa na namba za mwaka.

"Mama Getruda! Hii ni ya thelathini na sita!"

Niliketi juu ya kinu. Padri alinipa kalenda ile mwaka niliofiwa. Mwaka ulipokwisha, wenzangu walikwenda misheni kuchukua mpya, mimi nikasema ninayo. Ningewezaje kumbandua Mama wa Mungu ukutani nikamkunja kama karatasi ya chumvi? Nikamwacha. Mpaka Novemba ile ilikuwa picha ya kusalia tu. Jumapili niliijua kwa kengele, tarehe sikuwa na haja nazo. Nilipoanza kupanga nikasoma namba zilizokuwa chini ya miguu yake, zote zimeteleza siku moja.

"Omba ruhusa," Wenceslaus akasema, sasa kwa upole. "Mjane husamehewa. Ng'ombe akitumbukia kisimani hata Sabato hutolewa."

"Huyo katumbukia mwenyewe. Mimi nimejitumbukiza. Na siku ziko saba, mwalimu. Nitafute nyingine kwanza, ruhusa iwe ya mwisho."

Kabla hajaondoka nilimwomba anitajie Desemba yote, tarehe kwa tarehe. Nikaiandika upya kwenye karatasi ya mfuko wa sukari, pamoja na namba za mwaka, kubwa. Nikaibandika kwa uji wa muhogo juu ya zile za zamani. Bikira alibaki mahali pake. Kisha nikafunga kitenge, nikatoka.

Kashindye nilimkuta anakaza ngozi ya ngoma. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, siku za watu mimi sizichezei," akasema. "Nikianza kuhamisha mafundo, kesho kila mtu ataleta mtakatifu wake. Mwenye Alhamisi akikubali, mje wote wawili, mniambie mbele yangu. Mwisho kesho jioni."

Mwenye Alhamisi alikuwa Batuli, na Batuli alikuwa Ng'ambo, mjini Tabora, kwa binti yake Zamda. Siku ile ilikuwa Idi.

Nilitembea mwendo wa saa mbili na nusu kwa njia ileile ya misafara. Ng'ambo ilinuka pilau na udi, watoto wamevaa kanzu mpya. Batuli alikuwa ukumbini amejitanda kanga mbili ambazo maji yalikuwa hayajazigusa.

"Idi njema, Bi Batuli."

"Nawe pia. Ehe! Karani kaja kula Idi? Zamda, mletee Mama Getruda sahani!"

Nilimweleza. Nilipofika kwenye tawi la mtende alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Yaani umepanga mwezi mzima kwa tarehe zilizokwisha kufa! Sisi mwezi wetu tunautazama angani. Wa mwaka jana hautokei."

"Cheka umalize, kisha unisaidie."

Akamaliza. Akanitazama. "Unataka nichukue Jumatano, wewe uchukue Alhamisi."

"Wewe unawapa walimaji wali na mbuzi. Mchele hauoteshwi. Pombe yangu bado ni unga. Nikianza kupika Jumanne badala ya kesho, itaiva Alhamisi."

"Mchele si kitu. Lakini nilisema nikae hapa na wajukuu mpaka Jumatano. Tena kesho naanza kufunga sita, zile siku sita za baada ya Idi. Nitapikiaje watu thelathini, siwezi hata kuonja chumvi? Alhamisi dada yangu angekuja kunionjea. Jumatano hayupo."

Hilo sikuwa nimelipangia. Nilifikiri kidogo.

"Misa itakwisha kabla ya saa nne. Sikukuu yetu inakataza jembe, haikatazi mwiko. Nitakuja jikoni kwako kutoka kanisani moja kwa moja. Chumvi nitaonja mimi."

"Na kuosha vyombo?"

"Na kuosha vyombo."

"Na hutasema kwa watu kwamba wali wangu ulikuwa na chumvi kidogo?"

"Nikiuonja mimi hautakuwa na chumvi kidogo."

Zamda alinuna, watoto wakalia, lakini alfajiri ya Jumatatu tuliondoka pamoja. Batuli alinung'unika njia nzima na hakupunguza mwendo hata mara moja. Mbele ya Kashindye alisema neno moja tu: "Nimekubali." Kashindye akafungua mafundo mawili, akayafunga upya.

Jumatano nilisali, nikaonja chumvi, nikaosha masufuria. Alhamisi ilipambazuka bila wingu. Vijana walifika na ngoma jua likichomoza, wakalima sehemu laini kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Saa nne walifika kwenye njia ya misafara. Jembe la kwanza likalia ngo, likaruka.

"Ahaa! Mama, hapa tuje na nyundo!" mmoja akapiga kelele.

"Turuke tuendelee ng'ambo ya pili," mwingine akasema. "Marehemu mwenyewe aliuruka."

Kashindye alinitazama. "Vijana wamechoka, mama. Tuletee pombe kwanza."

"Mitungi iko miwili," nikamwambia. "Mmoja huu hapa, mnywe. Wa pili uko ndani, umefungwa, nao ndio uliokolea. Huo ni wa mstari."

"Loo! Mjane ana vita huyu!"

"Anzeni juu, pale penye vijifereji. Maji yamelala hapo wiki mbili. Msianze katikati."

Nilishika jembe langu nikaanza mimi. Udongo wa juu ulipasuka vipande kama mkate mkavu, lakini ulipasuka. Kashindye akabadilisha wimbo, akautia majina ya babu zao waliokuwa wapagazi, kwamba wameukanyaga ugumu wakawaachia wajukuu, na sasa wajukuu wanawadai. Vijana wakacheka, wakashuka nao mstari bega kwa bega. Batuli, na saumu yake, alibeba maji ya kumwagia palipokataa. Saa tisa njia ya misafara ilikuwa imegeuzwa matuta. Nilitoa mtungi wa pili.

Ijumaa asubuhi nilikwenda barazani kwa mwanangwa. Mahona alikuwa ameshafika, kakaa kwenye kigoda karibu naye, fimbo magotini. Watu walikuwa kama ishirini.

"Shamba la kaka yangu," Mahona akaanza, "halikulimwa na huyu shemeji. Limelimwa na pombe."

"Pombe haina mikono," mwanangwa akasema. "Mimi nimepita jana jioni. Limelimwa lote."

"Lakini mwanamke hawezi kulitunza. Mwaka huu kabahatisha. Mwakani je?"

Mwanangwa akanigeukia. "Mama, mwakani je?"

"Mwakani nimeshaanza," nikasema. "Mbegu ya mtama wa pombe nimeitenga. Kashindye kanipa Jumatatu ya kwanza ya mvua, na sikukuu zote nimezisoma kwenye kalenda mpya aliyoniletea padri juzi. Mwaka wake nimeuangalia mara tatu."

Watu wakacheka, maana habari ilikuwa imeshatembea. Mwanangwa hakucheka. Alimtazama Mahona.

"Na wewe, la kwako la bondeni umelima?"

Mahona akakohoa. "Nilikuwa nangoja neno la shamba hili. Ili nijue nianze wapi."

"Ina maana hujalima. Basi hili linabaki kwa aliyelilima."

"Nitawaita vijana wa Kashindye wiki ijayo."

"Wiki ijayo wako barabarani," nikasema. Nilitoa karatasi kwenye pindo la kitenge na penseli yangu, kwa kuwa tangu Jumatatu majirani wanne walikuwa wamenituma niwaandikie siku zao. "Wanarudi baada ya mwaka mpya. Tarehe kumi na nane Januari, Jumanne, bado iko wazi. Mtama wa pombe itabidi uuloweke tarehe saba. Nikuandikie, shemeji?"

Niliuliza kwa moyo mweupe. Ana wake wawili na watoto watano, na njaa haichagui tumbo la nani. Penseli nilikuwa nimeishika tayari juu ya karatasi.

Mahona aliitazama ile karatasi, akamtazama mwanangwa. Akachukua fimbo yake, akainama kwenye mlango mfupi wa baraza, akatoka.