Halua ya Kupanda Daraja

Mwalimu Muhenna hakuwa mtu wa kutema neno kisha akalilamba. Kwa hivyo alipowatangazia wanaume wa mtaa wake wa Azaiba, mjini Maskati, baada ya sala ya Ijumaa, kwamba timu ya mpira ya mjukuu wake Aflah imetwaa ubingwa wa daraja la pili huko Marekani na mwakani itacheza la kwanza, hakuna aliyemtaka ushahidi. Aliwaalika wote alasiri kwa kahawa na halua.

Sinia zilikuwa zimekwisha kupangwa majlisini, chumba cha wageni, Aflah alipopiga simu.

"Hongera, mjukuu wangu. Mmepanda. Nshawatangazia majirani, wanakuja kula halua."

"Hatukupanda, Babu."

"Nani kakukatazeni?"

"Ndiyo kanuni ya huku. Bingwa hapandi, wa mwisho hashuki. Mpira unakua, kila mwaka zinazaliwa timu hata katika miji midogo, lakini daraja la juu wenye timu huomba nafasi wakailipia. Mchezaji ndiye anayeweza kuitwa juu, peke yake."

"Na wewe umeitwa?"

"Bado."

Aliyoyajua Mwalimu, tangu ujana wake Unguja hadi Maskati, ni kwamba timu ikishinda hupanda na ikishindwa hushuka, kama mwanafunzi na mtihani wake.

"Waache wale halua yao, Babu. Huenda mwakani nkaitwa, ikawa kweli."

"Huenda si khabari," alisema, akaagana naye.

Mkewe, Bibi Jawaher, alikuwa amesimama mlangoni. "Nani atajua? Marekani mbali."

"Nnajua mimi."

Wageni walipokwisha kukaa, alisimama mbele yao. "Nlikwambieni timu ya Aflah imepanda daraja. Haikupanda. Imeshinda, na kwao kushinda hakupandishi."

Zahran, jirani aliyezoea kumtania, alilitazama tonge la halua vidoleni mwake. "Basi hii, Mwalimu, halua ya nini?"

"Ya ubingwa. Timu unayoishabikia wewe ilishuka daraja mwaka juzi, na kahawa yangu hukuiacha."

Wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alichukua birika mwenyewe, akapita kwa kila mgeni, hata akamfikia Zahran. Aliyetosheka hukitikisa kikombe, akakirudisha. Zahran hakukitikisa. Alikinyoosha kiongezwe.