Chumba cha Baridi

Kila ankara ya seva za kukodi mtandaoni ilipofika, mhasibu alikuja juu. "Tunalipia mitambo ya watu kama vile hatuna pa kuweka yetu! Seva zirudi hapa hapa ofisini!" Safari hii bosi alichoshwa na kelele, akamwambia fundi wa kompyuta, "Haya, zirudishe."

Fundi alifurahi kupita kiasi, maana tangu seva zihame kazi yake ilikuwa kubadilisha wino wa printa tu. Akachukua futi yake, akaenda mbio mbio mpaka kwenye chumba cha zamani cha seva, chumba pekee chenye kiyoyozi kizima. Ndani akamkuta mhasibu amejitandaza na meza yake, sweta mabegani.

"Shikamoo mama. Nimekuja kupima. Seva zinarudi."

"Marahaba. Zinarudi wapi?"

"Si hapa?"

Mhasibu akakitazama kiyoyozi. Kupitia kioo cha mlango akawaona wenzake wakijipepea kwa mafaili, jasho likiwatiririka. Akaivuta ile ankara, akaisaini bila kuisoma.

"Mwanangu," akasema, "hivi hii bei ina ubaya gani?"