Mungu wa Mipaka

Kinyozi alifika nyumbani kwa Userhati asubuhi, kama alivyofanya kila siku ya kumi, akiwa na wembe wa shaba na kibakuli cha mafuta. Userhati alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, shuka safi ya kitani kiunoni, mikono magotini. Kuanzia shingoni kwenda juu alikuwa fisi. Kinyozi aliweka kibakuli chini, akauliza anyoe mpaka wapi.

"Kama kawaida," alisema Userhati.

"Kawaida ilikuwa kichwa kizima, bwana. Leo tutamaliza jioni."

Wakakubaliana kwamba shingo inatosha. Wembe ulinolewa mara mbili.

Userhati alikuwa mshika kamba. Kila mwaka Mto ulipofurika na kurudi ndani ya kingo zake, matope yalifunika mashamba yote, na yeye ndiye aliyepita na kamba yenye mafundo, akipima upya na kuonyesha jiwe la kila mpaka likae wapi. Mwaka huo jiwe la mjane Tanofri lilikaa hatua ishirini ndani ya shamba lake. Ng'ambo ya jiwe lilikuwa shamba la Userhati. Tanofri hakuwa na shamba lingine. Kitani alichopanda hapo ndicho kilichomlisha tangu mumewe afe.

Hakupiga kelele. Alikwenda mbele ya sanamu ya mungu Amuni, akapiga magoti, akasema, "Wewe ndiwe mwamuzi wa asiye na mtetezi. Wenzangu wana watu. Mimi nina wewe." Userhati naye akaja, akainua mkono mbele ya kijiji kizima, akaapa: "Kama nimelisogeza jiwe hilo, Amuni awaonyeshe watu sura yangu ya kweli." Alikuwa na sauti nzuri ya kuapia, na wengi waliguswa. Siku ya tatu alipoamka, mkewe alimtazama, kisha akaenda kuongeza mifupa kwenye mchuzi.

Habari ilipofika shambani, Tanofri alinawa matope miguuni, akaja kutazama. Alimkuta Userhati akila paja la bata, nyama na mfupa pamoja.

"Sura imeonekana," alisema. "Sasa jiwe lirudi."

Majirani waliojazana mlangoni walikuwa upande wake.

"Dada, hukumu ndiyo hiyo, inatafuna."

"Aliomba mwenyewe. Nani kamlazimisha?"

Userhati aliinamisha kichwa, akaweka paja chini. Mpaka saa sita mchana mambo yote yalikuwa wazi.

Saa sita mchana akaja kuhani Ipuki, amebeba hati za mafunjo kwapani. Alimzunguka Userhati mara mbili, akamnusa, akarudi nyuma hatua tatu, akainama.

"Mwili wa mtu, kichwa cha mnyama," alisema. "Huyu ni mungu."

"Huyu ni mwizi, mzee wangu," alisema Tanofri.

"Mama, mimi nimezeekea hekaluni. Wezi nimewaona wengi kwenye kuta, wamefungwa mikono, wanachapwa fimbo. Wote wana vichwa vya watu. Nitajie mmoja tu mwenye kichwa cha mnyama."

Tanofri alifikiri sana. Hakumpata.

Ipuki akafungua hati zake chini. Mwenye kichwa cha kozi alikuwemo, kwa kuwa kozi huona mbali. Mwenye kichwa cha kwarara alikuwemo, kwa kuwa mdomo wake umepinda kama kalamu ya mwandishi mwenye haraka. Kondoo dume alikuwemo, mamba, paka, chura, hata yule mdudu anayeviringisha mavi. Fisi hakuwemo.

"Basi si mungu," alisema Tanofri.

"Basi waandishi walisahau," alisema Ipuki, akakunja hati. "Nikuulize, mama. Kwa nini mwenye kichwa cha mbweha ndiye analinda makaburi?"

"Sijui, mzee."

"Kwa sababu wazee wetu waliwaona mbweha wakifukua maiti. Wakasema, anayefukua makaburi tumkabidhi makaburi, tulale usingizi. Mamba akala watu, tukamjengea nyumba na kumvika hereni. Sasa niambie, anayekula mashamba tumfanye nini?"

"Tumfukuze!"

"Tumkabidhi mipaka," alisema Ipuki.

Userhati aliinua kichwa, masikio yakasimama. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu abadilike, na mbwa wote wa kijiji wakaingia chini ya maghala.

Mungu wa mipaka hawezi kukaa kijijini. Walimjengea nyumba palepale penye jiwe, kwa matofali yaliyofyatuliwa kwa matope ya shamba la Tanofri, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Kisha wakamwita Kenro mchoraji aje kupamba ukuta.

Tanofri alimvizia njiani. "Kaka Kenro, mchore alivyo. Usimwongezee, usimpunguzie. Watu wamwone kila wakipita."

"Nitafanya hivyo, dada. Hata wakinipiga."

Kenro alichora. Userhati alisimama nyuma yake, akimpumulia kisogoni.

"Masikio yarefushe kidogo."

"Nikiyarefusha utakuwa mbweha."

"Ubaya wa mbweha ni nini?"

"Nafasi yake ina mwenyewe, bwana."

Akayachora masikio ya mviringo. Akachora taya, na mate yanayodondoka. Chini ya kwapa la kushoto akachora jiwe la Tanofri, na juu ya jiwe alama ya marehemu mumewe, ili asiyejua kusoma naye aelewe. Halafu akaweka brashi chini na kungoja kipigo.

Ipuki alisogea karibu na ukuta, machozi yakamtoka.

"Umeongozwa, mwanangu! Kila mungu ana kitu chake mkononi, na huyu tulikuwa hatujui chake ni nini." Akaagiza michoro mingine miwili kama huo, na Kenro akapewa mtungi wa pombe.

Tanofri alirudi kwa Amuni. Alisali kila alfajiri mpaka sikukuu, sanamu ilipotolewa nje juu ya mabega ya makuhani, ikisubiri kuulizwa. Ikienda mbele ni ndiyo, ikirudi nyuma ni hapana. Tanofri aliuliza kwa sauti kama Userhati alilisogeza jiwe. Sanamu ilikwenda mbele kwa nguvu, wabebaji wakajikwaa, mmoja akapoteza kiatu.

Umati ukashangilia. Walimshangilia Amuni asiyesema uongo, wakamshangilia na Userhati, ambaye kazi yake sasa imethibitishwa na mkubwa wake.

"Kwa hiyo jiwe lirudi," alisema Tanofri.

"Hilo ni swali la pili, mama," alisema Ipuki. "Kila mtu swali moja. Angalia watu waliopanga foleni nyuma yako."

Mwezi wa kung'oa kitani, Userhati hakungoja tena mafuriko. Alitoka nyumbani kwake mchana kweupe, akaling'oa jiwe, akalitia chini ya kwapa la kushoto kama ilivyo ukutani, akaingia nalo hatua ishirini nyingine. Wakulima walipomwona anapita waliweka majembe chini na kuinama, kila mmoja akiomba asielekee kwake. Tanofri peke yake hakuinama kwa ajili yake. Alikuwa ameshainama tangu alfajiri, aking'oa kitani kwa mikono miwili, upesi, kabla jiwe halijamfikia.