Dawa ya Kushusha Kinga

Macho ya Jovitha yalipoanza kugeuka manjano, Kimwani nzima, kijiji alichofundisha, ilishajua sababu kabla yeye mwenyewe hajafika hospitali. Mwalimu anakunywa, walisema. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, hana mume, hana mtoto, mshahara anaupeleka wapi kama si kwenye pombe? Jovitha hakuwa amewahi kuonja hata lubisi, ile pombe ya ndizi ya harusini, lakini mtu akishakuwa na macho ya manjano hakuna anayemuuliza kama anakunywa. Wanamuuliza alianza lini. Alijieleza mpaka akachoka. Siku alipolazimika kufundisha amekaa kwenye kiti aliomba ruhusa, akapita Muleba kuchukua barua ya rufaa, akarudi kwa mama yake, kijijini Kashozi.

Mama yake, Kokushubila, alikuwa na miaka sabini na sita, na uchovu wake ulikuwa wa siku nyingi. Watoto wake watatu wa kwanza, Datius, Clavery na Jovina, aliwazika nyuma ya nyumba, kwenye kibanja chake mwenyewe cha migomba, ndani ya miaka sita. Hiyo ilikuwa enzi ile ukimwi ulipokuwa bado unaitwa Juliana na watu wakirushiana lawama za uchawi. Jovitha ndiye kitinda mimba wake, na ndiye pekee aliyebaki. Kwa hiyo alipomwona anashuka kwenye pikipiki, mifupa ya mabega imetokeza, hakuuliza kitu. Alimpokea begi, akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya ndizi.

Bukoba mjini walikwenda mara nne. Virusi vya ukimwi havikuonekana. Homa ya ini ya virusi, ile B na ile C, nayo haikuonekana. Kila jibu lilirudi safi na mgonjwa akazidi kuwa wa manjano. Damu nyingine ikapelekwa Mwanza, wakangoja majuma matatu, na mwishowe daktari, mwanamke wa Pwani aliyeitwa Siti, akawaketisha wote wawili na kuwaeleza bila haraka.

"Mama, kinga ya mwanao haijashuka," alisema. "Ina nguvu kupita kiasi, tena imepotoka. Kazi yake ni kupigana na wadudu wanaotoka nje. Sasa imelikosea ini lake, inaliona kama adui, na inalila kila siku."

Kokushubila alitaka kujua ni nani aliyesababisha. Hakuna, daktari alisema. Sababu yenyewe haijulikani vizuri, ila huwapata wanawake zaidi, na pombe haihusiki kabisa. Jovitha aliposikia hilo la pombe alilia kidogo, kwa unafuu. Kisha daktari akaandika vidonge sita kila asubuhi, akasema dawa hiyo ingeituliza kinga, ingeishusha, ili ini lipate kupumua, na kwamba isikatishwe bila yeye kujua.

Kokushubila alisema, "Waitu, asante," kwa heshima ya Kihaya, akafunga kitenge vizuri. Lakini lile neno la kushusha alitoka nalo hospitali, akapanda nalo gari, akafika nalo nyumbani.

Mtu wa mahali pengine huenda angelisahau. Yeye alikuwa wa Kagera. Miaka arobaini kila muuguzi, kila semina, kila redio na kila mahubiri ya parokiani yalikuwa yamemfundisha jambo moja tu: kinga ikishuka, mtu anakwisha. Kula mboga, ongeza kinga. Kula maharage, ongeza kinga. Alikuwa ameiona kinga ikishuka kwa macho yake, mara tatu, kitandani, na alifua mashuka ya wanawe. Sasa binti mdogo aliyesoma alikuwa amempa vidonge aishushe kwa mkono wake, kwa mtoto wa mwisho.

Hata hivyo alitii. Jovitha alikuwa anatapika kila kidonge kizima, hivyo mama alivisaga vyote sita, akavichanganya na asali kwenye kijiko, akamlisha. Dawa ilikuwa chungu hata ndani ya asali. Juma la tatu macho yakaanza kuwa meupe. Jovitha aliomba senene, akala, akatoka kwenda kuchambua buni uani. Mama alimtazama kupitia mlango wa jikoni na kuona aibu kwa kumshuku daktari.

Kisha uso wa Jovitha ukaanza kuvimba, ukawa mviringo. Hilo walikuwa wameambiwa, akavumilia. Lakini Jumatatu moja Jovitha aliamka anakohoa.

Clavery alianza hivyohivyo, kikohozi kikavu, asubuhi, mkono kifuani. Kokushubila alisimama na kijiko mkononi na hakuweza kukipeleka. Siku ile alisaga vidonge vitatu. Juma lililofuata alisaga kimoja. Baada ya hapo hakusaga hata kimoja. Alichuma omubilizi kandokando ya kibanja, yale majani machungu ambayo kila nyumba ya kule inayajua, akayakausha kivulini, akayatwanga mpaka yakawa unga, akayatia kwenye asali. Uchungu ulikuwa uleule. Jovitha alikunja uso, akameza, akasema asante mama.

Kikohozi kiliondoka. Uso ukarudi mwembamba. Kokushubila, ambaye alikuwa ameshindwa mara tatu, alijiona kwa mara ya kwanza ameushinda ugonjwa, na ukweli usemwe: alifurahi. Alisali rozari akimshukuru Mungu, na vidonge akavitumbukiza chooni.

Furaha hiyo haikufika mwezi. Manjano yalirudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Miguu ya Jovitha ikajaa maji, tumbo likapanda, akawa anajikuna mpaka shuka linapata damu. Walipofika tena mbele ya Daktari Siti, Jovitha alilazimika kushikwa pande mbili.

Daktari alisoma karatasi ya vipimo, akairudia. Akamuuliza Jovitha kama dozi ilimezwa kamili.

"Kila asubuhi," Jovitha alisema. "Mama hajakosa hata siku moja."

Basi dawa hii imeshindwa, daktari alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka pia. Angebadilisha, ampe nyingine kali zaidi, inayoishusha kinga kuliko hii, na hatari zake ni kubwa. Halafu rufaa ya Mwanza, ingawa kwa hali ile hakuahidi kitu. Akavuta karatasi, akaanza kuandika.

Kokushubila aliitazama ile kalamu. Angeweza kunyamaza. Binti yake alikuwa amekwisha kumsafisha mbele ya daktari, na angebaki mama mwema mpaka kaburini. Lakini kaburi lenyewe lingekuwa la Jovitha.

"Daktari, usiandike," alisema. "Dawa haijashindwa. Hakuinywa. Mimi nilimpa omubilizi."

Alieleza yote, kikohozi, kijiko, choo, akiangalia sakafu. Alisema alidhani anamlinda. Alisema walishakufa watatu, na hakuwa na nguvu ya kumshusha wa nne kwa mkono wake. Hapo Kiswahili kilimwishia, akamalizia kwa Kihaya, na daktari hakuomba tafsiri.

Jovitha aliuondoa mkono wake kwenye mkono wa mama, polepole, akauweka juu ya tumbo lake lililovimba.

Daktari Siti hakumgombeza mtu. Alisema hiyo, kwa namna yake, ni habari afadhali, maana dawa iliyofanya kazi mwanzo inaweza kufanya kazi tena. Angemlaza kwanza, maji yapungue. Ila ini limeongeza makovu katika majuma haya, na makovu hayo mengi hayatafutika.

"Kiasi gani?" Kokushubila aliuliza.

"Sijui bado, mama. Kuna sehemu imekwenda."

Kisha akachukua fomu nyingine. Dawa hizi, alisema, ni za miaka, na safari hii alitaka jina la mtu mmoja atakayesimamia kila kidonge kikimezwa. Alimtazama Jovitha, akamwambia si lazima amtaje mtu wa nyumbani. Hata ndugu wa mbali, hata mwalimu mwenzake.

Jovitha alifikiri muda mrefu. Mama yake alifikiri pamoja naye, akipita kila nyumba, kila jina, na kila mahali alipofika alikuta kaburi au mtu aliyesema mwalimu anakunywa.

"Andika mama," Jovitha alisema, bila kumtazama. "Sina mwingine."