Mtoto Asiye na Upindo

Shati lilitangulia, barua ikafuata. Fundi alikuwa ameinamia cherehani, mguu kwenye kanyagio, pini tatu mdomoni, anamalizia kola ya sare ya kumi na nane, binti yake alipoingia. Ilikuwa saa tatu asubuhi, saa ambayo mtoto wa darasa la nne hana shughuli nyumbani. Akatupa shati la mwenzake juu ya meza ya kukatia, kisha akatoa barua iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho la kiganja.

Fundi akazitema pini mkononi. "Leo umempiga nani, mama?"

"Sijampiga. Nimemvuta."

"Umemvuta mpaka shati likawa mawili?"

Mtoto akafikicha macho. Yalikuwa mekundu. Mwaka juzi mtoto huyu alikuwa mcheshi hata kwa paka wa jirani. Siku hizi darasani wanamwita Kiberiti: mguse tu, anawaka. Alishamrushia mwenzake mkebe, alishang'ata mkono wa kiranja, na wiki iliyopita alilia nusu saa kwa sababu penseli imevunjika. Akichoka kulia hulaza kichwa kwenye dawati akakoroma, wakamtoa nje asimame juani.

Barua ilisema mzazi afike mara moja. Ilikuwa ya tatu muhula huo.

Fundi akaanza na shati. Ndivyo alivyo, habari za watu huzisoma kwenye nguo zao. Alilitambua, alilishona mwenyewe, na limefuliwa mpaka rangi imekimbia. Lilichanika mgongoni, katikati ya kitambaa, mishono yote mizima. Akapitisha kidole kwenye mpasuko. Kitambaa kikichoka hakichagui pa kuchanikia. Ukikivuta kidogo tu, kinaachia popote.

Akamtazama mtoto. Akalitazama shati tena.

"Jana ulilala saa ngapi?"

"Ulipoacha cherehani."

"Si ilikuwa saa sita?"

"Sijui. Ikinyamaza huwa nahesabu, nione kama itaanza tena."

Fundi akavuta futi iliyoning'inia shingoni. Mazoea ya kazi: asichokielewa hukipima. Inchi moja, saa moja. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri, maana hapo ndipo anapomwamsha. Tangu matokeo ya mtihani yaliposhuka, darasa la nne linatakiwa getini saa kumi na moja na nusu, kwa masomo ya alfajiri. Inchi nne. Alizitazama kama anavyotazama kipande alicholetewa na mteja mnene anayetaka suti. Hazitoshi hata ukosi.

"Na mimi nimo," akasema.

Chumba ni kimoja. Cherehani imegusana na kitanda, akikanyaga, kitanda kizima kinatetemeka. Na usiku anashona nini? Sare za shule ile ile, thelathini, ambazo Mwalimu Mkuu anazitaka kabla mkaguzi hajaja. Uzi umepanda bei mara mbili tangu mwaka uanze, malipo ya sare yamekaa pale pale kama jiwe, kwa hiyo mchana peke yake haumfikishi popote.

Akaliziba shati kwa kiraka cha ndani, akalipiga pasi, akamshika mtoto mkono wakaenda.

Getini mlinzi, ambaye mtaa mzima humwita Kamanda, alikuwa amelala kitini, kofia puani.

"Kamanda."

"Nakuona," akasema, macho bado yamefumbwa. "Wazazi ni baada ya saa saba."

"Nimeitwa mara moja."

"Mara moja ya ofisini si mara moja ya getini, dada yangu." Akafungua jicho, akamwona mtoto. "Ah, Kiberiti. Pita, pita. Huyu nikimzuia ataniunguza."

Mtoto akacheka kidogo. Fundi alikuwa hajausikia mcheko ule tangu Jumapili.

Mwalimu Mkuu alikuwa na fomu tayari mezani. Alilikagua shati, akaridhika na kiraka, akasukuma fomu mbele.

"Fundi, tunaheshimiana. Ndiyo maana sijamfukuza. Mwezi mzima atafika saa kumi na moja kamili, afagie madarasa kabla ya masomo. Weka sahihi hapo. Usipoweka, mtafutie shule nyingine."

"Mwalimu, mtoto hatukani wala haibi. Hana usingizi."

"Wote wanaamka alfajiri. Mbona wengine hawang'ati watu?"

"Vitambaa havifanani." Kutoka darasa la jirani sauti ya mwalimu ilisikika: nyuma huko, inueni vichwa. Fundi akangoja ipite. "Mimi nikishona sare naacha upindo wa vidole vitatu. Mtoto akirefuka, tunafumua, tunashusha. Nguo isiyo na upindo haina pa kukimbilia. Huyu tumemkata bila upindo, Mwalimu. Mimi nimekata huku usiku, ninyi mmekata kule alfajiri. Sasa unataka tukate tena nusu saa."

"Hapa ni shule, si meza ya kukatia." Mkuu akagonga fomu kwa kalamu. "Na kazi za sare, Fundi, mafundi ni wengi mjini."

Hapo Fundi akaufikiria uzi. Akaifikiria kodi ya chumba. Mtoto alikuwa ameegemea ubavu wake amesimama, na uzito wake ulikuwa unaongezeka kidogo kidogo, kama gunia linalojazwa. Akainama kumtazama. Alikuwa amelala. Amesimama, mdomo wazi, amelala.

Fundi akachukua kalamu. Akapiga mstari juu ya saa kumi na moja kamili, na pembeni akaandika kwa herufi zake kubwa za daftari la vipimo: *Atafika saa moja na nusu, kengele ya kawaida, akiwa ameshashiba usingizi.* Akaweka sahihi.

Mkuu akasoma mara mbili. "Hili nitalipeleka kwenye kamati."

"Lipeleke, Mwalimu. Mimi nampeleka nyumbani."

Saa sita mchana mtoto alijitupa juu ya rundo la sare zilizokwisha, viatu miguuni, na hakugeuka tena. Fundi akaisogelea cherehani, akausimamisha mguu wake hewani juu ya kanyagio. Sare kumi na mbili zilibaki. Akaondoa mguu, akakaa chini na kopo la vifungo. Kutia vifungo hakuna kelele. Akatia cha kwanza, cha pili, akajikuta anavuta pumzi pamoja na mtoto.

Saa tisa Kamanda akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mkuu anasema sare zote, leo. Mkaguzi anakuja kesho asubuhi."

"Shii. Kumi na nane ziko tayari. Nyingine hazina kola."

"Si uzipige sasa hivi? Nitasubiri."

"Mtoto amelala."

Kamanda akachungulia. Kiberiti alikuwa amekumbatia mkono wa shati moja, shavu lake juu ya nembo ya shule, mate yamechora kisiwa kwenye mfuko.

"Basi nipe hizo kumi na nane."

"Ndizo hizo alizolalia."

Mlinzi akajikuna kisogo. "Sasa nikamwambie nini Mkuu?"

"Mwambie hivyo hivyo. Mtoto amelala."

"Atauliza ataamka lini."

"Mwambie fundi naye hajui. Anapima bado."

Futi ilikuwa imenyooshwa sakafuni kando ya rundo la sare, pini moja kwenye inchi ya tatu. Kamanda akaitazama, asielewe, akakaa kizingitini. "Nikirudi mikono mitupu atanirudisha," akanong'ona. "Bora ningoje hapa hapa." Akashusha kofia puani, na haikupita dakika mbili akaanza kukoroma, taratibu, kana kwamba hata yeye ameambiwa asimwamshe mtoto.

Saa kumi ilipofika, Fundi akanyoosha mkono, akaisogeza pini inchi moja mbele. Kisha akatunga uzi kwenye sindano.